John Larson, polisi mwenye alitengeneza mashini ya kupima uongo na mwisho akaigeukia

Huko Uingereza na Wales, mtu mwenye alifungwa juu ya kosa kubwa la ubakaji ao la kuharibu watoto anaweza kutoka gerezani kabla azabu yake haijaisha. Lakini anatoka na masharti. Moja kati ya masharti hayo ni hii: siku afisa mwenye kumfuatilia atamuita, anakwenda kukaa kwenye kiti, anafungwa mipira kwenye kifua na ku mkono, anawekewa nyuzi ku vidole, kisha anajibu maulizo. Pembeni yake mashini inaandika namna moyo unapiga, namna anapumua, namna anatoka jasho. Akikataa kukaa kwenye kile kiti, anaweza kurudishwa gerezani.

Kipimo hicho kilianza kutumika mu inchi ile nzima mwanzo wa mwaka 2014. Lakini mashini yenyewe, yenye kuitwa poligrafu, iko na zaidi ya miaka mia moja. Mtu mwenye aliitengeneza aliitwa John Augustus Larson. Alianza kama polisi, kisha akakuwa muganga wa akili, na kwa miaka mingi alisema vibaya mashini yake kuliko hata maadui zake. Maisha yake yanasaidia kuelewa ulizo moja lenye halijapata jibu mpaka leo: mtu mwenye alikosa zamani, ni nani anaweza kujua kama leo anasema kweli?

Mtoto wa wahamiaji

Larson alizaliwa tarehe 11 Desemba 1892 ku Shelburne, mji mdogo wa Nova Scotia, mashariki ya Kanada. Wazazi wake walitoka upande wa Scandinavia. Alipokuwa bado mtoto, familia ilihamia Marekani, na wazazi wakaachana. Maisha hayakuwa rahisi. Ili apate pesa ya masomo, alifanya kazi ndogo-ndogo: kuuza magazeti, kuondoa sahani ku meza za restora, kuchonga mawe, kuendesha lifti.

Ku chuo kikuu cha Boston alisoma elimu ya viumbe. Mwaka wa 1915 aliandika kazi yake ya masomo juu ya alama za vidole, namna zinaweza kusaidia kutambua mtu. Kutoka pale akavuka inchi nzima mpaka California, ku chuo kikuu cha Berkeley, na mwaka wa 1920 akapata cheo cha dokta katika elimu ya namna mwili unafanya kazi. Mwenye masomo ya namna hiyo angetafuta kiti kizuri mu chuo. Yeye aliingia polisi. Anahesabiwa kuwa polisi wa kwanza wa Marekani mwenye kuwa na cheo cha dokta.

Komanda mwenye hakutaka fimbo

Kama Larson aliingia polisi, ni juu ya mtu mmoja: August Vollmer, mkubwa wa polisi ya Berkeley. Vollmer hakusoma sana, lakini aliamini masomo. Aliweka polisi wake juu ya vélo, kisha mu magari, na alitafuta vijana wenye kutoka chuo kikuu ili wavae uniforme.

Kitu kimoja Vollmer alichukia sana: namna polisi za siku zile zilikuwa zinatafuta ukweli. Mshitakiwa alikuwa anafungiwa mu chumba, ananyimwa usingizi, anapigwa, mpaka akubali kosa. Wamarekani waliita ile desturi daraja ya tatu. Haikuwa siri. Mwaka wa 1931, tume ya serikali yao wenyewe iliandika ripoti ndefu juu yake na kuonyesha kwamba ilikuwa imeenea mahali mengi.

Kutafuta ukweli ndani ya mwili wa mtu ni jambo la zamani sana. Wazee wa huku walijua mwavi: mshitakiwa anakunywa dawa, akiitapika watu wanasema hana kosa, ikimuua wanasema ni yeye. Ulaya ya zamani nayo iliamua kesi kwa moto na kwa maji. Vollmer na Larson walitumaini kwamba elimu itatoa njia ingine, yenye haimuumize mtu. Badala ya ngumi, mashini. Hilo lilikuwa wazo zuri, na haifai kulisahau, hata kama mambo yaligeuka kisha.

Mashini inapima nini?

Siku zile kulikuwa William Marston, mtu wa Harvard mwenye alisoma sheria na elimu ya akili. (Ni huyo huyo alikuja kutunga Wonder Woman, yule mwanamke shujaa wa vitabu vya picha.) Marston aliandika kwamba mtu akidanganya, tansio yake inapanda. Lakini yeye alikuwa anapima tansio, anaacha, kisha anapima tena. Kati ya kipimo na kipimo, mambo mengi yanaweza kupita bila kuonekana.

Mwaka wa 1921 Larson alisoma maandishi ya Marston na akaona namna ya kuyaendelesha. Alichukua mpira wa kupimia tansio, ule waganga wanafunga ku mkono, akaweka na mpira mwingine kuzunguka kifua ili ufuate pumzi. Yote mawili aliyaunganisha na sindano zenye kuchora juu ya karatasi nyeusi, yenye kupakwa moshi, yenye kuzunguka bila kusimama. Kwa hiyo moyo na pumzi viliandikwa pamoja, toka ulizo la kwanza mpaka la mwisho. Mashini ile ya kwanza ilikuwa kubwa na nzito. Leo iko mu nyumba ya kumbukumbu ya Smithsonian, huko Marekani.

Inafaa kuelewa kitu kimoja hapa, sababu mambo yote mengine yanatoka pale. Mashini haioni uongo. Inaona moyo kukimbia, pumzi kukatika, na kwa mashini za kisha, jasho ku vidole. Mwongo anaweza kuwa na moyo wenye kukimbia. Lakini mtu mwenye kuogopa, mwenye hasira, mwenye haya, ao mwenye kujua kwamba hawatamsadiki, naye moyo wake unakimbia. Kusema kwamba ile mistari ni uongo, ni kazi ya mtu mwenye kukaa pembeni ya mashini. Na mtu anaweza kukosea.

Wizi mu nyumba ya wanafunzi

Kesi ya kwanza kubwa ilikuja mwaka ule ule wa 1921. Mu nyumba moja ya wanafunzi wasichana huko Berkeley, pesa, nguo na vitu vya bei vilikuwa vinapotea. Wakubwa wa nyumba walijua mwizi ni mmoja wao, lakini hawakujua ni nani. Larson aliwaita wasichana mmoja-mmoja, akawauliza wote maulizo sawasawa, mengine juu ya wizi, mengine ya kawaida tu.

Msichana mmoja alikasirika, akasimama na kuacha kipimo katikati. Siku chache kisha, alipoulizwa tena na tena, alikubali kosa na kuacha masomo. Watu walisema mashini imeshinda. Lakini ukitazama vizuri, mashini haikumshinda. Kilichomshinda ni kuulizwa. Na mu ile ile kesi Larson alikutana na msichana mwingine mwenye alipimwa, na mwaka wenye kufuata wakaoana.

Mu mwezi wa nane wa mwaka ule, padri Patrick Heslin aliitwa usiku ku Colma, karibu na San Francisco, kama vile mgonjwa anamngoja, na hakurudi. Mwanaume mmoja, William Hightower, ndiye aliongoza watu mpaka mahali mwili ulifukiwa, akatumaini kupewa zawadi ya pesa. Larson alimpima. Gazeti moja la San Francisco lilichapisha mistari ya mashini pamoja na picha na mishale ya kuonyesha mahali gani alidanganya. Hightower alihukumiwa kifungo cha maisha. Ushahidi mwingine ulikuwepo, lakini toka siku ile watu wengi waliamini kwamba dunia imepata mashini yenye kusoma roho.

Majuji hawakuenda mbio namna ile. Mwaka wa 1923, mu kesi ya Frye, korti ya rufaa ya Washington ilikataa kipimo cha Marston, juu wenye elimu walikuwa hawajakubaliana kwamba kinafaa. Mlango wa tribinali ulifungwa, na mahali mengi umebaki vile.

Ndani ya magereza ya Illinois

Mwaka ule ule Larson alihamia Chicago, ku nyumba ya utafiti juu ya watoto wenye makosa. Sasa hakukutana tena na washitakiwa tu. Alikutana na watu wenye walikwisha kuhukumiwa. Alichukua mashini yake mpaka ndani ya magereza ya Illinois, kama vile Joliet.

Siku zile mu Illinois watu walikuwa wanabishana juu ya kufungua wafungwa kwa masharti. Nani atoke, nani abaki, nani atavunja masharti akiwa nje? Mwaka wa 1928, mwalimu Ernest Burgess wa chuo kikuu cha Chicago alitoa utafiti juu ya wanaume 3.000 wenye walifunguliwa kwa masharti mu magereza matatu ya jimbo, akitafuta alama za kutambua mwenye atarudia kosa. Kila mtu alitaka kipimo. Mashini ya Larson ilionekana kama imekuja kwa saa yake.

Lakini Larson alikuwa anakwenda njia ingine. Kadiri alikaa na wafungwa, ndivyo alianza kuwaona sawa wagonjwa wenye kuhitaji muganga. Alirudi kusoma, sasa uganga, akakuwa muganga wa magonjwa ya akili. Aliona mashini inaweza kusaidia namna kipimo cha joto kinasaidia: inaonyesha kwamba kuna kitu, haisemi ni kitu gani. Muganga haandiki dawa kwa kutazama joto peke yake. Mwaka wa 1932 alitoa kitabu kikubwa, Lying and Its Detection, juu ya uongo na namna ya kuuvumbua. Mtu mwenye kukifungua akitafuta sifa za mashini anakuta pia makosa yake na mipaka yake.

Kijana Keeler

Mwenye alitembeza mashini mu dunia si Larson, ni mwanafunzi wake. Leonarde Keeler alikuwa kijana tu wa shule alipoanza kumsaidia Larson ku Berkeley. Alikuwa mwenye ufundi na maneno matamu. Alitengeneza mashini ndogo yenye kubebeka mu valizi, na mwaka wa 1931 akapata hati ya kuonyesha kwamba ni mali yake. Aliiuza kwa polisi, akapima wafanyakazi wa banki na wa makampuni, akafungua masomo ya kufundisha wapimaji.

Keeler alielewa kitu kimoja mapema sana. Mtu akiamini kwamba mashini haikosei, anakubali kosa kabla hata kipimo hakijaisha. Kwa hiyo kazi kubwa ya mpimaji ilikuwa kumfanya mtu aogope mashini. Larson aliona hilo na roho ikamuuma. Kwake, mashini yenye ilizaliwa ili kumaliza daraja ya tatu ilikuwa imekuwa daraja ya tatu yenyewe: ngumi zimeondoka ku mwili, zimeingia ku akili.

Urafiki wa wale wawili ulivunjika. Keeler alikufa mwaka wa 1949, akiwa na jina kubwa. Larson aliendelea kutumika mu hospitali za akili na mu kazi za korti, kutoka jimbo moja hadi lingine, bila utajiri na bila sifa. Mashini ilikuwa mahali pote. Mwenye aliitengeneza, wachache walimkumbuka. Miaka yake ya mwisho alilinganisha mashini ile na jitu la hadithi ya Frankenstein, lenye fundi wake alilipa uzima kisha likamshinda nguvu. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 1 Oktoba 1965, huko Nashville, akiwa na miaka 72.

Mashini inabaki na wenye kuhukumiwa

Kisha kifo chake, mashini ilifungiwa mlango mmoja nyuma ya mwingine. Tribinali nyingi za Marekani hazikuikubali kama ushahidi. Mwaka wa 1988 sheria ya Marekani ilikataza makampuni mengi ya binafsi kupima wafanyakazi wao. Mwaka wa 2003 baraza kubwa la wenye elimu wa inchi ile lilitoa ripoti yenye kusema kwamba poligrafu inafanya vizuri kuliko kubahatisha, lakini iko mbali sana na kutokosea.

Mifano haikukosa. Mwaka wa 1984 polisi ya jimbo la Washington ilimpima Gary Ridgway, na mashini ikaonyesha kwamba anasema kweli. Alikamatwa mwaka wa 2001, na mwaka wa 2003 alikubali kwamba aliua wanawake na wasichana 48. Kwa upande mwingine, mwanaume mmoja wa Ohio alifungwa maisha mwaka wa 1978, na mashini ilikuwa moja kati ya vitu vyenye vilimfunga. Kisha wauaji wa kweli walijulikana, akatoka mwaka wa 1980. Alipokuwa gerezani, alifundisha wafungwa wenzake 27 namna ya kushinda mashini. Wote walikuwa wamemwambia kwamba wana kosa. Kati yao, 23 walipita.

Sasa, kama tribinali zinaikataa na wafanyakazi wanakingwa, inabaki kwa nani? Inabaki kwa polisi, kwa kazi za siri za serikali, na kwa watu wenye hawana nguvu ya kukataa: wenye kuhukumiwa. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, majuji wengine wa Marekani walianza kuiweka kati ya masharti ya kumwacha mtu nje ya gereza. Polepole ikaenea, zaidi sana kwa wenye makosa ya ubakaji.

Mu Kansas, mfungwa mmoja aliambiwa aandike makosa yake yote ya ubakaji, hata yale hayakuwa yanajulikana na yenye yangeweza kumletea kesi mpya, kisha athibitishe kwa mashini. Alikataa, na wakamwambia atapoteza nafasi zake na kuhamishwa mahali pagumu zaidi. Kesi ilifika ku korti kubwa ya Marekani. Mwaka wa 2002, majuji watano kwa wanne walisema hakuna haki yake yenye ilivunjwa.

Waingereza waliandika sheria yao mwaka wa 2007, wakajaribu kwanza mu majimbo ya katikati ya inchi, kisha wakaeneza mwaka wa 2014. Mwaka wa 2021, kisha mashambulio yenye yalifanywa na watu wenye walikuwa wametoka gerezani kwa masharti, waliongeza wenye makosa ya ugaidi. Sheria yao iliweka mipaka. Matokeo ya kipimo hayawezi kutumiwa ku tribinali ili kumfungulia mtu kesi ya kosa. Na kushindwa kipimo peke yake si sababu ya kumrudisha ndani. Lakini anaweza kuongezewa masharti, polisi inaweza kuanza kumchunguza, na akisema mwenyewe kwamba alivunja sharti, maneno yake yanaweza kumrudisha.

Wenye kutetea kipimo hiki hawana mchezo. Wanafikiri juu ya mtoto mwenye anakaa jirani na mtu aliyetoka gerezani, na mama yake mwenye hajui kitu. Utafiti uliofanywa mu yale majimbo ya majaribio ulionyesha kwamba wenye kupimwa walikuwa wanasema mambo ya hatari mengi kuliko wenye hawakupimwa: kwamba walikaribia watoto, kwamba walitumia intaneti kwa siri. Afisa akijua hayo mapema, anaweza kuzuia baya.

Hiyo ni faida ya kweli. Lakini ni nini iliwafanya waseme? Mwaka wa 1971, wenye elimu ya akili wawili, Edward Jones na Harold Sigall, walionyesha kwamba watu wakifungwa ku mashini ya bandia na kuambiwa inasoma roho, wanasema wazi kuliko wengine. Mashini haikuwa inapima kitu, lakini imani yao ilifanya kazi. Kwa hiyo siku wenye kufuatiliwa watajua kwamba mashini inadanganyika, ile faida inaweza kupungua. Na mwenye kupita kipimo akiwa anadanganya, kama Ridgway, ni hatari mara mbili, juu afisa wake atalala usingizi mzuri.

Larson alikwisha kuona yote hayo akiwa kati ya wafungwa. Yeye hakusema watupe mashini mu mto. Alisema isikae ku kiti cha juji. Mtu mwenye ametoka gerezani anahitaji kufuatiliwa na mtu mwenye kumjua: mwenye kujua anakaa wapi, anakula na nani, kazi yake inaendelea namna gani, na kwa nini wiki hii macho yake hayatulii. Kazi hiyo inaomba wakati, maafisa wa kutosha na mishahara, na serikali nyingi zinaona mashini ni bei rahisi kuliko watu. Mashini inaweza kumuonyesha afisa kwamba moyo umekimbia. Kujua kwa nini umekimbia bado ni kazi ya mtu, na ndiye mwenye kujibu kama amekosea.